Kuutunza Uwanja wa Besiboli Unaochezewa Kila Siku: Mwongozo kwa Unguja na Pemba

Kila zinapokaribia mvua za Masika, maswali ya wale waliokabidhiwa uwanja kwa mara ya kwanza huwa ni yale yale. Je, tutie mchanga kwenye dimbwi lililoko nyuma ya beizi ya pili (kituo cha pili anachokimbilia mchezaji)? Maji tuyafagilie kwenye majani? Mvua ikikatika saa 6 mchana, tunaweza kucheza saa 10? Mwongozo huu umeandikwa ili kuyajibu maswali hayo kwa mpangilio. Unamhusu mwalimu wa michezo, kocha au kijana yeyote wa Unguja au Pemba ambaye uwanja wake hautumiki kwa besiboli peke yake, bali asubuhi hupitiwa na wanafunzi, jioni huchezewa mpira wa miguu, na mwishoni mwa wiki hauna hata saa moja ya kupumzika.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: udongo uliopangwa vizuri huvumilia mvua kubwa, lakini hakuna udongo unaovumilia njumu ukiwa umelowa. Uharibifu mwingi tunaoisingizia mvua hufanywa na miguu katika saa za mwanzo baada ya mvua kukatika, na mashimo na madimbwi yasiyokwisha ni matokeo ya saa hizo. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyomo humu ina lengo moja kati ya mawili: kuyaondoa maji juu ya uwanja kwa haraka, au kuwazuia watu wasiingie mpaka udongo uwe tayari.

Mambo ya kujua kabla ya kuanza

Masika huanza Machi na kumalizika Mei, na Aprili ndiyo ya kujihadhari nayo zaidi. Vuli huja kati ya Oktoba na Disemba, na katikati kuna mvua za mchoo, ambazo hazina nguvu lakini huweza kuulowesha uwanja siku uliyodhani ni salama. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Kazi kubwa za kubadili umbo la uwanja, kama kuchonga mteremko au kuongeza udongo, zifanywe Januari na Februari wakati wa kaskazi, au kati ya Juni na Septemba. Ukizianza mwishoni mwa Machi, mvua itaukuta udongo haujashindiliwa na itauchukua.

Kuhusu udongo, majina wanayoyatumia wakulima wetu yanatosha kwa kazi hii. Kichanga hupitisha maji haraka na hakishikani. Kinongo, udongo mwekundu au wa kahawia unaopatikana juu ya mawe ya chokaa, hushikana kiasi na huwa imara kikikauka. Kinamo, udongo mzito wa mabonde ya mpunga, hunata kikilowa na hupasuka kikikauka. Uwanja wa ndani, yaani sehemu iliyozungukwa na beizi nne pamoja na ukanda unaoifuata, unahitaji kinongo kilichosawazishwa kwa mchanga, na kilima cha mrushaji (mwinuko anaposimama anayerusha mpira) pamoja na eneo la mpigaji vinahitaji kinamo kwa wingi zaidi.

Vifaa vinavyohitajika

Hakuna kifaa cha lazima ambacho hakipatikani hapa au hakiwezi kutengenezwa na fundi wa mtaani.

- Reki mbili za chuma, jembe, beleshi na toroli.
- Ubao wa misumari: ubao wenye urefu wa mita 1.5 hivi, uliopigiliwa misumari ya inchi 3 katika safu mbili zilizopishana, na kufungwa kamba ya kuburutia.
- Kipande cha wavu mzito wa chuma chenye upana wa mita 1.5, kwa ajili ya kulainisha uso. Zulia kuukuu lililofungwa ubao kwa mbele nalo hufaa.
- Kishindilio: kipande cha chuma au cha zege chenye uso bapa, kilichowekwa mpini.
- Maturubai mawili, moja la kufunika kilima chote na jingine la eneo la mpigaji, pamoja na mifuko ya mchanga ya kuyazuia.
- Sponji kubwa, makopo na ndoo.
- Fagio la chelewa.
- Mpira wa maji unaofika katikati ya uwanja, na mpira mwembamba unaopitisha mwanga kama ule wautumiao waashi kupimia levo.
- Uzi, vigingi, futi kamba ya mita 30 au zaidi, na chekecheo.

Kama fedha ni kidogo, nunua maturubai kwanza. Reki mbovu inaweza kusubiri mwaka mmoja, lakini kilima kisichofunikwa hakimalizi Masika.

Hatua za kazi

1. Pima uwanja na uamue ni wapi patakuwa na majani.

Kwa watu wazima, umbali kati ya beizi moja na nyingine ni mita 27.43, umbali wa kutoka hompleti (beizi ya nyumbani, anaposimama mpigaji) hadi beizi ya pili ni mita 38.8, na umbali wa kutoka ncha ya nyuma ya hompleti hadi ukingo wa mbele wa kibao cha mrushaji (kile anachokikanyaga juu ya kilima anaporusha) ni mita 18.44. Kwa watoto wasiozidi miaka 12, vipimo vinavyotumika sana ni mita 18.29 kati ya beizi na mita 14.02 kwa mrushaji.

Viwanja vingi vya Marekani vina majani katikati ya beizi, lakini kwa uwanja unaochezewa kila siku katika mvua zetu ninashauri uwanja wa ndani uwe wa udongo mtupu na majani yabaki uwanja wa nje peke yake. Majani ya katikati hukatwa na njumu kila jioni, na kila mpaka kati ya majani na udongo ni mahali ambapo maji hukwama. Koshien, uwanja wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924 na unaochezewa mashindano ya shule za sekondari katika joto kali la Agosti, una uwanja wa ndani wa udongo mtupu mpaka leo, na watunzaji wake hubadilisha kiasi cha mchanga kulingana na msimu, mchanga ukizidi katika majira ya kuchipua ambapo mvua ni nyingi. Huo ni utaratibu unaotufaa.

2. Chonga mteremko.

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu uwanja uliolala sawasawa hupendeza macho. Uwanja uliolala sawasawa hauna pa kuyapeleka maji. Sehemu ya juu iwe kwenye chini ya kilima cha mrushaji, na kutoka hapo ardhi ishuke pande zote kwa sentimita 5 kila mita 10 hadi kwenye mistari ya beizi. Nje ya mistari ya beizi, na katika uwanja wa nje, mteremko uongezeke hadi sentimita 10 kila mita 10.

Funga mpira mwembamba wa maji kwenye vigingi viwili, kimoja kando ya kilima na kingine kwenye beizi, kisha weka alama ya usawa wa maji kwenye kila kigingi. Maji yakitulia, alama hizo mbili ziko katika usawa mmoja, na unachobakia kukifanya ni kupima urefu wa kutoka kwenye alama hadi ardhini. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mteremko ulionao. Rudia kwa beizi zote nne na kwa pembe za uwanja wa nje, andika namba kwenye daftari, na ulihifadhi daftari hilo, kwa sababu kila mwaka utalihitaji kujua udongo umehamia wapi.

Maji yanapotoka uwanjani lazima yakute mtaro. Mtaro wa kina cha sentimita 40 uliojazwa kokoto unatosha kwa viwanja vingi, mradi uwe na mwisho wa kweli: shimo la kunyonya maji au mfereji uliopo. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, shimo la kina cha mita moja na nusu hunyonya kwa kasi. Kwenye bonde la kinamo halinyonyi kabisa, na huko ni lazima maji yapelekwe kwa mfereji.

3. Upime udongo kabla ya kuuchanganya.

Jaza theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani kwa udongo uliochekechwa, ongeza maji mpaka karibu ijae, tia tone la sabuni ya maji, tikisa kwa dakika chache, kisha iache mahali pasipotikisika. Mchanga hutua katika dakika ya kwanza au ya pili, chembe za wastani huchukua saa kadhaa, na chembe za ufinyanzi huendelea kutua hadi siku ya pili au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula na ulilinganishe na jumla.

Kwa uwanja wa ndani wa hapa kwetu lenga mchanga kati ya asilimia 60 na 70, na kinachobaki kiwe chembe za wastani na ufinyanzi kwa viwango vinavyokaribiana. Mchanga ukizidi asilimia 75, ardhi hupoteza mshiko na mchezaji anayeteleza kuelekea beizi huondoka na udongo. Ukipungua asilimia 55, uwanja hunata wakati wa Masika na huwa mgumu mno wakati wa kaskazi. Changanya pembeni, si juu ya uwanja, na uchekeche kila kitu, kwa sababu kipande kidogo cha jiwe la matumbawe kinatosha kuchana goti au kuupeleka mpira usoni mwa mdakaji. Kuongeza tabaka la sentimita 2.5 juu ya mita za mraba 100 kunahitaji mita za ujazo 2.5 za udongo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuita gari.

*Tahadhari.* Usichukue mchanga wa pwani. Una chumvi inayoua majani, una vipande vya makombe vinavyokata, na kuuchota kunaila fukwe yetu wenyewe. Uchimbaji wa mchanga Zanzibar unasimamiwa na Serikali, kwa hiyo nunua kutoka katika shimo lililoruhusiwa na uombe risiti.

4. Jenga kilima cha mrushaji na eneo la mpigaji kwa udongo mzito.

Kilima kamili kina kipenyo cha mita 5.5, na kibao cha mrushaji huwa sentimita 25.4 juu ya usawa wa hompleti. Kosa la kawaida ni kupima urefu huo kutoka chini ya kilima. Pima kutoka kwenye hompleti kwa mpira wa maji, la sivyo mteremko uliouchonga katika hatua ya 2 utakiinua kilima kupita kiasi. Kuanzia sentimita 15 mbele ya kibao, ardhi ishuke sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30 kuelekea kwa mpigaji.

Udongo wa kilima uwe karibu nusu ufinyanzi. Kinamo kilichochanganywa na mchanga kidogo hufaa, na udongo wa kichuguu, ukipatikana, hufaa pia. Jenga kwa tabaka zisizozidi sentimita 3. Kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu, kisha likwaruzwe kwa reki kabla ya tabaka la juu yake kuwekwa, kwa sababu tabaka lililowekwa juu ya uso laini na mkavu hubanduka lote kwa pamoja siku ya kwanza ya mchezo.

Mahali mrushaji anapotua mguu, na pale mpigaji anapochimbia mguu wa nyuma, panachimbika kuliko sehemu nyingine yoyote ya uwanja. Tengeneza matofali mabichi ya kinamo, yasiyochomwa, yalaze yakiwa bado na unyevu sentimita 3 chini ya uso wa sehemu hizo mbili, yabane, kisha yafunike kwa udongo wa kilima. Kazi hii ya siku moja hupunguza matengenezo ya mwaka mzima.

5. Buruta uso wa udongo kila siku uwanja unapotumika.

Baada ya mchezo, na si asubuhi yake, zoa takataka, jaza mashimo yaliyochimbwa na njumu, kisha buruta ubao wa misumari uwanja mzima ili kuvunja uso uliogandamana kwa kina cha sentimita moja hivi. Fuatisha wavu wa chuma ili kulainisha. Tembea taratibu, anayekimbia na wavu huurusha udongo pembeni na kuacha mawimbi. Badilisha njia kila siku: leo zunguka kwa duara kutoka ndani kwenda nje, kesho anzia nje, keshokutwa pita kwa mistari. Ukirudia njia moja kila siku, udongo wote utahamia upande mmoja, na mteremko ulioupima kwa taabu utapotea bila wewe kuona.

Simama sentimita 30 kabla ya kufika kwenye majani. Ukanda huo wa mwisho, pamoja na njia za kutoka beizi hadi beizi, ufanyiwe kazi kwa reki ya mkono, ukivuta kwa urefu wa njia na kamwe si kwa kuikata.

Mashimo ya kilima na ya eneo la mpigaji yana utaratibu wao. Fagia udongo wote mkavu uliolegea mpaka ufike kwenye sehemu ngumu, nyunyiza maji kidogo, tia udongo wa kilima wenye unyevu, shindilia, ongeza, shindilia tena, kisha funika kwa turubai. Wanaoanza kazi hii huusukuma udongo mkavu kurudi shimoni kwa mguu na kuondoka. Shimo hilo litafunguka kwa mrusho wa tatu.

6. Linda mpaka kati ya udongo na majani.

Udongo unaorushwa na njumu, upepo na wavu hujikusanya kwenye mashina ya majani na polepole hujenga tuta. Tuta la sentimita 2 tu linatosha kuyazuia maji yasitoke, na ndiyo maana dimbwi la nyuma ya beizi ya pili halikauki hata ukilijaza mara ngapi. Baada ya kila mchezo, fagia mpaka huo kwa fagio la chelewa kutoka kwenye majani kuja kwenye udongo. Mara moja kwa wiki, usafishe kwa maji ya mpira yenye nguvu, ukielekeza maji upande wa udongo. Tuta likishakuwa kubwa, fagio halitoshi: bandua majani kwa jembe kwa upana wa sentimita 50, ondoa udongo wa chini mpaka usawa urudi, kisha yapande majani yale yale upya.

7. Andaa uwanja mvua inapokaribia.

Wingu likionekana, watu wengi hukimbilia kukusanya mipira. Mtunzaji akimbilie wavu wa chuma. Uso uliokwaruzwa kwa misumari hunywa maji yote na kuwa tope, na uso uliolainishwa na kushindiliwa kidogo huyateleza maji kwenda mtaroni. Kwa hiyo lainisha kwanza, ng'oa beizi na uyazibe matundu yake kwa vizibo vya mti, kisha funika kilima na eneo la mpigaji. Turubai litandazwe kwa namna ambayo maji yake yatamwagika kuelekea chini ya mteremko.

Zuia maturubai kwa mifuko ya mchanga. Matairi makuukuu, ambayo hutumika sana kwa sababu yanapatikana bure, hutunza maji ndani na kuzalisha mbu, na hatuna sababu ya kuwafuga mbu uwanjani. Jua likitoka, ondoa turubai lililogusa majani mara moja, kwani chini yake joto hupanda haraka na majani huungua.

8. Baada ya mvua, subiri, kisha fanya kazi kwa mpangilio huu.

Kwanza, asiingie mtu. Weka kamba na umweke mtu wa kuisimamia, kwa sababu kamba peke yake haiwazuii watoto waliosubiri mchezo tangu asubuhi.

Pili, maji yaliyosimama yaondolewe kwa sponji na kopo, yatiwe kwenye ndoo na kumwagwa mtaroni. Usiyafagie. Fagio husukuma maji pamoja na chembe laini za udongo, na kila unapofagia dimbwi unalichimba. Usiyapeleke kwenye majani pia, kwani hayo ndiyo matope yanayojenga tuta la hatua ya 6.

Tatu, usitie mchanga. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote, na nalielewa, kwa sababu mchanga hulificha dimbwi kwa dakika chache na mchezo huendelea. Lakini mchanga huo hubaki pale, hubadilisha mchanganyiko ulioupima, na kwa mvua chache panakuwa na shimo la mchanga mlegevu lililozungukwa na udongo mgumu, ambalo hukusanya maji kutoka kila upande. Ukihitaji kitu cha kunyonya, ponda vigae vya vyungu au matofali ya kuchoma, chekecha mpaka upate chembe zisizozidi milimita 3, ondoa unga wake, kisha nyunyiza kidogo baada ya maji yaliyosimama kwisha. Chembe za udongo uliochomwa haziwi tope kama ufinyanzi mbichi.

Nne, uso unapoanza kubadilika rangi, ukwaruze kwa reki nyepesi huku ukitembea juu ya mbao, ili hewa na jua vifike chini. Hapo ndipo panapoamuliwa kama kutakuwa na mchezo.

Hakuna idadi ya saa inayofaa kwa kila uwanja, kwa hiyo tumia ufunguo. Uchome wote ardhini mahali patano tofauti, ikiwemo sehemu ya chini kabisa ya uwanja. Ukiingia kwa urahisi na kutoka msafi, au na vumbi kidogo tu la unyevu, uwanja uko tayari. Ukitoka na udongo ulionata, ahirisha. Anayeamua awe ni mtunzaji, na kocha wa timu inayotaka kucheza asipewe kauli ya mwisho.

9. Tunza majani ya uwanja wa nje.

Ukoka ndio unaofaa zaidi: huvumilia joto, hukanyagwa na kurudi, na hutambaa wenyewe kuziba upara. Ukate ubaki na urefu wa kati ya sentimita 2.5 na 4, na katika ukataji mmoja usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu uliopo. Wakati wa Masika ukoka hukua kwa kasi na huenda ukahitaji kukatwa mara mbili kwa wiki, lakini subiri ncha zikauke, na usiingize mashine nzito wakati ardhi imelowa.

Mbolea itiwe kidogo kidogo. Nusu kilo ya urea kwa mita za mraba 100 inatosha kwa mara moja, ikifuatiwa na maji ili isiyaunguze majani. Usiitie mvua kubwa ikitarajiwa, kwani itaishia mtaroni. Pale wachezaji wa nje wanaposimama siku zote, ardhi hushindiliwa na majani hufa. Choma matundu ya kina cha sentimita 10 kwa uma wa bustani, yakiachana sentimita 15, ardhi ikiwa na unyevu wa wastani.

10. Panga matumizi kabla uwanja haujakupangia.

Ukaguzi wa ratiba ni sehemu ya utunzaji. Magoli ya mpira wa miguu yawekwe uwanja wa nje, na mstari wa kiwanja chao usikate kilima. Na yahamishwe kila wiki chache, kwa kuwa mbele ya goli ndipo majani hufa kwanza. Mazoezi ya kurusha yafanyike kwenye kilima kidogo cha pembeni, na mazoezi ya kupiga yafanyike juu ya kipande cha zulia au mkeka wa mpira uliotandazwa kwenye eneo la mpigaji. Zungumzeni na majirani wenye ng'ombe na mbuzi kwa heshima, na mkiweza muwatengee pembe ya malisho nje ya uzio, kwa sababu shimo la kigingi katika uwanja wa nje linavunja kifundo cha mguu. Utengeni mchana mmoja katika wiki ambao hautakuwa na mchezo wowote, na katika Aprili tengeni miwili.

Mistari ichorwe kwa unga wa mawe meupe ya chokaa ambayo hayakuchomwa, au kwenye majani kwa rangi ya maji iliyozimuliwa. Chokaa cha tanuri, hata kilichozimwa, huunguza macho na ngozi, nacho hakifai mahali ambapo watu huteleza kwa tumbo.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Dimbwi linarudi mahali pale pale.* Usianze kwa kulijaza. Pima kwanza kwa mpira wa maji kutoka kwenye dimbwi kwenda mtaroni. Mara nyingi utakuta tuta la mpakani ndilo lililozuia. Likishaondolewa na dimbwi likabaki, likwarue likiwa kavu, ongeza mchanganyiko ule ule wa uwanja mzima, nyunyiza maji, shindilia na upime tena.

*Mpira unaruka ovyo katika miezi ya kaskazi.* Uso umekauka hadi chini. Kumwagia maji dakika 10 kabla ya mchezo hulowesha juu tu na kuufanya uteleze. Mwagia jioni ya siku iliyotangulia mpaka unyevu ufike sentimita 5, ongeza kidogo asubuhi, kisha nyunyiza kwa mara ya mwisho kabla ya mchezo.

*Kilima kinapasuka.* Kinamo kimezidi au kilima hakifunikwi kwa turubai siku za jua. Kilima kinahitaji turubai wakati wa kiangazi kama kinavyolihitaji wakati wa mvua, kwa sababu unyevu wake ndio unaokishika.

*Majani yanageuka manjano.* Chimba kidogo uangalie mizizi. Ikiwa imeoza na ardhi inanuka, maji yamekwama. Ikiwa mizizi ni mizima na majani yote yamefifia kwa pamoja, huenda mbolea imekwisha. Ikiwa ncha zinaungua na mnamwagilia maji ya kisima kilicho karibu na bahari, yaonjeni maji hayo. Yakiwa na chumvi, tumieni ya mvua au ya bomba.

*Ndago zimeota katikati ya ukoka.* Kuzing'oa kwa mkono kunaacha vinundu ardhini, navyo huchipua tena. Chimba kwa kijiko cha bustani mpaka kina cha sentimita 20, ondoa vinundu vyote na mizizi inayoviunganisha, viweke kwenye mfuko na mvichome mbali na uwanja. Udongo uliotoka katika shimo hilo usirudishwe kabla ya kuchekechwa, na eneo hilo likaguliwe kila wiki mpaka Vuli ipite.